Chama cha waumini au waumini ndani ya chama cha wote?

Swali hili hurudi Kampala kila uchaguzi ukikaribia: wahafidhina wanaoshika dini wajenge chama chao, au waingie vyama vya wote?

Njia ya kwanza tunaijua. DP (Democratic Party) ya Uganda ilianzishwa mwaka 1954, Wakatoliki wakiwa wamechoka kunyimwa vyeo Mengo, makao ya serikali ya ufalme wa Buganda. Watani wakaiita "Dini ya Papa". Faida yake ni msimamo: mpiga kura alijua chama kinasimamia nini, na parokia zilikuwa tayari na watu wa kuaminiana. Gharama yake ilikuwa kubwa mno. UPC (Uganda People's Congress), chama shindani, ikaonekana ya Waprotestanti, Waislamu wakabaki pembeni, na majirani wa kijiji kimoja wakatazamana kwa shaka. Hilo linaniuma hadi leo.

Njia ya pili ndiyo inayoruhusiwa na Katiba ya 1995, kwani chama hakiwezi kuweka uanachama kwa misingi ya dini. Hapa muumini hupata wenzake wengi. Sheria ya mwaka 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja iliungwa mkono na wabunge Wakristo na Waislamu, wa serikali na wa upinzani. Lakini chama cha wote hakikutunzi: imani huitwa jukwaani, kisha husahaulika rushwa inapojadiliwa.

Kama unataka sheria moja ipite, njia ya pili ni nyepesi. Kama unachotaka ni viongozi wenye maadili, anzia parokiani au msikitini kwako, kabla ya kadi yoyote ya chama.