Nilipasuliwa ngiri kwa ganzi ya mgongo: tathmini yangu

Watu wakisimulia upasuaji wao humtaja daktari aliyewapasua na kuwashona. Ngiri yangu ilirekebishwa vizuri, kidonda kikafunga, upande huo sina la kuongeza. Ninayoitathmini hapa ni huduma ya usingizi na ganzi. Ndiyo niliyoiogopa kuliko kisu chenyewe, na ndiyo wengi hatuiulizii tunapochagua pa kutibiwa.

Mtaalamu wa usingizi alinifuata wodini jioni ya kuamkia siku ya upasuaji, akavuta kiti, akakaa. Maswali yake yalizidi ya daktari wa upasuaji: dawa ninazotumia, zikiwemo za mitishamba; aleji; kama nakoroma; kama nina jino linalocheza; kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kupata matatizo kwenye nusu kaputi. Hilo la ndugu lilinishangaza. Akaniambia ipo hitilafu ya kurithi inayofanya joto la mwili lipande kwa kasi ya hatari mtu akivutishwa baadhi ya gesi za usingizi, na mwenye nayo anaweza asijue kabisa. Jino nalo linaweza kung'oka wakati wa kupitisha mpira wa kupumulia, likaangukia kwenye njia ya hewa. Kila swali lilikuwa na sababu, na sababu alizitoa bila kusukumwa.

Aliniagiza nisile kwa saa zisizopungua sita kabla ya upasuaji. Maji matupu ruksa hadi zibaki saa mbili. Nikamuuliza, ikiwa nachomwa ganzi na sitalala, njaa ya nini? Akajibu kuwa ganzi isiposhika sawasawa watalazimika kunilaza, na aliyelala usingizi wa dawa hawezi kuzuia chakula kisipande kutoka tumboni na kuingia mapafuni. Nilielewa, nikafunga.

Chumba cha upasuaji kilikuwa na baridi kali. Kabla ya lolote walisoma kwa sauti jina langu, aina ya upasuaji na upande wenye ngiri, uliokuwa umeshachorwa kwa kalamu. Huo ni utaratibu wa orodha ya ukaguzi iliyozinduliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008. Pasipo kukaguliwa hivyo, ningeomba maelezo kabla sijapanda kitandani.

Sindano yenyewe inatisha kwa masimulizi kuliko kwa maumivu. Unakaa, unainama, kidevu kifuani, nesi anakushika mabega. Kwanza wanachoma ganzi ya ngozi, inawasha kidogo, kisha unasikia kugandamizwa tu. Kwa wanaohofia kupooza: kwa mtu mzima sindano huingizwa chini ya pale uti wa mgongo wenyewe unapoishia. Baada ya dakika chache joto likashuka miguuni, miguu ikawa mizito kama magunia ya mchanga. Akanipaka pamba yenye spiriti kutoka pajani kwenda juu, akiuliza baridi naanza kuisikia wapi. Hapo ndipo alipojua ganzi imefika wapi.

Kuvutwavutwa nilikusikia, maumivu hakuna. Katikati nikajisikia kichefuchefu na jasho jembamba. Presha ilikuwa imeshuka, jambo ambalo ganzi hii hulileta mara nyingi kwa kuwa inatanua mishipa ya damu. Kabla sijamaliza kulalamika alishaongeza dripu na kunichoma dawa. Muda wote alikuwa upande wa kichwa changu, macho kwenye mashine. Hapo sina hata alama moja ya kupunguza.

Wodini ndipo huduma ilipolegea. Nesi aliniambia, "Kaka, ukianza kusikia maumivu uniite." Ganzi yangu haikuaga taratibu. Ilipoachia, maumivu yalikuja yote kwa mkupuo, nikaita, na dawa ikafika nimeshauma mto. Jalada langu lilikuwa na maelekezo ya mtaalamu kwamba dawa ya maumivu itangulie ganzi kuisha. Hayakufuatwa, wala hakuna aliyenieleza kwa nini. Mkojo walinifuatilia vizuri, maana ganzi hii huweza kuuzuia. Pia nilionywa nitoe taarifa nikipata kichwa kinachouma nikiketi na kutulia nikilala. Sikukipata, lakini August Bier, Mjerumani aliyeanzisha njia hii mwaka 1898, alikipata mwenyewe baada ya kujaribiwa sindano hiyo mgongoni.

Mtaalamu nampa tano kwa tano, wodi mbili. Nikihitaji tena upasuaji wa chini ya kitovu nitaomba ganzi hiihii, ila nitauliza mapema dozi ya kwanza ya maumivu itatolewa saa ngapi na nani, kisha nimwambie ndugu atakayeketi nami aishike hiyo saa.