Uzoefu wangu: mbolea na vifaa vya bustani ya nyasi hapa Mbeya, nanunua wapi na lini

Wana Mbeya mnaopenda ukoka wa kijani mbele ya nyumba, hii ni yenu. Huku kwetu bei ya mbolea inafuata mahindi, sio bustani. Mvua zikianza Novemba mpaka kama Februari watu wanapanda na kukuzia, maduka ya pembejeo Mwanjelwa yanajaa na hapo ukiomba upunguziwe hata buku hakuna anayekusikiliza. Ile ya ruzuku ni ya wakulima waliosajiliwa, kwa ajili ya nyasi usiitegemee. Mimi nanunua Mei au Juni mvua zikishakata, wenye maduka wanataka kumaliza mzigo, mnaongea vizuri kabisa. Nyasi zenyewe na baridi ya huku hazikui sana kipindi hicho so mbolea unaiweka tu ndani isubiri mvua, ila iwe juu ya mbao na ufunge mfuko vizuri maana urea inavuta unyevu inaganda kama jiwe.

Halafu jamani someni namba kwenye mfuko! Kuna duka moja la maua mjini wanauza vipakti vya "mbolea ya bustani", vizuri vina picha, bei yake sasa, na ukigeuza nyuma unakuta naitrojeni ile ile tu. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, CAN (mbolea nyingine ya naitrojeni) ina kama 27, kwa hiyo mifuko ikikaribiana bei urea ndo inalipa. Na haihitajiki nyingi, kilo 1 inatosha eneo la mita 10 kwa 10, unamwagilia hapo hapo isiunguze majani. Mfuko wa kilo 50 tunachanga na majirani tunagawana, kupimiwa kilo kilo ni ghali na hujui ule mfuko umefunguliwa lini.

Samadi fuata kwa wafugaji Uyole, bei chee, chukua iliyooza kabisa la sivyo unajipandia magugu. Mpira wa maji na reki nazipata soko la Sido.

Kwenye dawa ya magugu ndo muwe makini zaidi, 2,4-D inaua majani mapana na ukoka unabaki, glifoseti inaua kila kitu, na wauzaji wengine ukisema "dawa ya magugu" wanakupa yoyote iliyo karibu. Mwambie una ukoka kabla hajatoa chupa, na lebo usome hapo hapo kaunta.