Saianotaipu kwenye vigae vya udongo: dawa nzuri, maelekezo nusu

Kifurushi nilichoagiza cha saianotaipu, njia ya kuchapa picha za bluu kwa jua, kina chupa mbili za unga: feri amonia sitrati gramu 25 na potasiamu ferisianidi gramu 10. Kila moja unaitilia mililita 100 za maji, kisha unachanganya nusu kwa nusu, kiasi cha kazi ya siku hiyo tu. Bluu yake imekolea kweli. Kasoro ni karatasi ya maelekezo, maana imeandikwa kwa mtu anayechapa picha kwenye karatasi.

Kigae kilichochomwa bila glezi (ngozi ya kioo inayopakwa vyombo vya udongo) hunywa dawa hadi ndani. Ukiosha, ya juu inatoka, ya ndani inabaki, na baadaye sehemu nyeupe za picha zinageuka bluu. Kinga yake ni kutanguliza jelatini (unga wa kugandisha): gramu 5 kwa mililita 100 za maji ya vuguvugu, upake mara mbili, ya kwanza ikiwa imekauka kabisa. Kama kigae kilichomwa kwa kuni, kiloweke kwanza majivu yatoke. Udongo mwekundu nao humeza bluu. Upake kaolini (udongo laini mweupe) kabla ya kuchoma.

Negativu (filamu ambayo mwanga na giza vimebadilishana) inalala juu ya kigae kilichopakwa dawa na kioo kinaikandamiza, kwa hiyo picha haikui: ya 35 mm itatoa picha ya milimita 24 kwa 36. Mimi napendelea ya 6×6, yaani ya filamu pana ya karibu sentimita 6 kwa 6. Jua la saa sita Kigoma, dakika 6 hadi 10 hutosha. Toa pale sehemu zilizoungua sana zinapogeuka kijivu.

Kuosha ndiko kunakoharibu kazi za wengi hapa. Maji ya Ziwa Tanganyika yana alikali (kinyume cha asidi), pH karibu 9 ambapo 7 ndiyo katikati, na alikali hula bluu hii. Weka vijiko viwili vya siki kwa lita moja kwenye maji ya kwanza, na usiloweke muda mrefu. Yawe ya baridi, la sivyo jelatini inalegea na picha inateleza nayo. Sabuni usiiguse.

Chupa ya sitrati huota ukungu masika. Chuja kwa kitambaa, inafaa bado.

Usirudishe kigae tanuri, wala usipake glezi ukidhani utachoma tena: moto huvunja bluu, inabaki kahawia ya kutu. Na vyombo vya chakula, hapana.

Chungu cha mviringo hakipokei negativu, haikai. Badala yake funga jani la mchikichi kwa uzi, kivuli chake ndicho picha, geuza chungu juani kila dakika mbili.