Kabati kuukuu la kutundika gerejini: lipi ununue, lipi uliache sokoni

Muuzaji wa makabati kuukuu atakuonyesha milango. Ataifungua, ataifunga, atapitisha kitambaa kwenye kioo mpaka king'ae, na bei ataitaja mkono ukiwa bado kwenye mshikio. Mwache amalize, kisha mwombe akusaidie kuligeuza. Kabati la kutundika hununuliwa kwa mgongo. Mgongo ndio utakaobeba spana, makopo ya rangi na chupa za oili miaka yote litakayokaa ukutani. Mlango mbovu fundi ataubadilisha kwa nusu siku.

Mimi sikuugeuza mgongo mara ya kwanza. Nilinunua makabati mawili ya jikoni kwa mtu aliyekuwa akihama hapa Nakuru, meupe, safi, shilingi 3,000 yote mawili. Nikayafunga kwenye ukuta wa gereji kwa skrubu nne kila moja, nikitoboa moja kwa moja mgongoni. Baada ya miezi mitatu, usiku, moja likashuka. Nilipowasha taa nilikuta skrubu zote nne ziko palepale ukutani, na mgongo umeshikwa barabara, hata haujapinda. Ulikuwa hadibodi ya milimita 3 iliyopigiliwa kwa misumari midogo pembeni. Sanduku lenyewe ndilo lililojichomoa na kuangukia mahali ambapo mwanangu huegesha baiskeli yake. Jioni ile alikuwa amekaa hapo akitengeneza mnyororo. Tangu siku hiyo silipi hata senti moja kabla sijaona nyuma ya kabati.

Nimeyapanga makabati hapa chini kwa namna ambavyo ningeyachagua leo kwa gereji ya nyumbani, Nakuru, Kisumu na kwenda mpaka Busia.

Nafasi ya kwanza: kabati la juu la jikoni, la plaiwudi au blokbodi

Hili ndilo ninalomshauri kila mtu alitafute kwanza. Lilitengenezwa litundikwe, kwa hiyo kina chake ni kama sentimita 30, na kina hicho kinaifaa gereji: gari linaingia, mlango wa gari unafunguka, na wewe unapita ubavuni bila kugonga kichwa. Hupatikana watu wanapobomoa jiko la zamani ili waweke jipya, hasa kwenye nyumba kubwa za Milimani, iwe Milimani ya Nakuru au ya Kisumu. Mafundi wanaofanya kazi hiyo mara nyingi huachiwa makabati yaliyong'olewa. Ukimjua mmoja mwachie namba yako, maana atafurahi kuondolewa mzigo.

Plaiwudi utaitambua kwenye ukingo, ina tabaka juu ya tabaka kama chapati iliyokunjwa vizuri. Kila tabaka nyuzi zake zimelala kukatiza za mwenzake, ndiyo maana skrubu ikiingia haichomoki kirahisi na ubao haupasuki. Blokbodi nayo ina vipande vya mbao vilivyopangwa bega kwa bega katikati ya ngozi mbili nyembamba. Ukingo ukiwa umefunikwa kwa utepe, chungulia kwenye tundu la bawaba au mahali fundi wa mabomba alipotoboa. Hapo hapafichiki.

Kisha angalia ndani, juu kabisa, kama kuna ubao wa kutundikia: ubao ulionyooka kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, unene milimita 18 au zaidi, umeshikwa kwa skrubu na gundi kwenye mbavu zote mbili na kwenye paa la kabati. Ukiupata, umepata kabati. Usipoupata lakini sanduku ni zima, bado nunua, ila mwambie muuzaji hivyo na uishushe bei. Ubao wa saipresi wa inchi 3 kwa 1, gundi ya mbao na skrubu chache vitalitengeneza kwa saa moja.

Rafu zipime kwa macho. Inayozidi sentimita 80 bila mhimili katikati itainama ukiipa makopo ya rangi. Iliyokwisha kuinama usijidanganye kwamba utaigeuza na itanyooka.

Nafasi ya pili: kabati la chuma la ofisini

Kama unaishi Busia, Siaya au Bungoma, lipandishe hili liwe la kwanza, na sababu ni mchwa. Huko mchwa hupanda ukutani kwa njia zao za udongo usiku mmoja tu, na chuma hakiwapi chochote cha kula. Makabati haya hutoka kwenye minada ya ofisi zinazofunga au zinazobadilisha samani. Tafuta yale mafupi ya kuwekwa ukutani, au makabati ya watumishi yenye milango midogomidogo. Lile refu la droo nne la faili liache sakafuni, halikuumbwa kuning'inia.

Ubaya wa chuma ni wembamba. Bati lake huwa halifiki hata milimita 1, na ukitoboa na kulifunga kwa skrubu peke yake, uzito utapasua tundu polepole. Dawa yake ni kuweka ubao ndani ya kabati, mgongoni, skrubu ipite kwenye ubao kwanza ndipo ipite kwenye bati. Kagua kutu kwenye sakafu ya kabati, kona za nyuma, mahali maji ya kupigia deki hufika. Kutu ya juujuu hukwanguliwa kwa msasa na kupakwa rangi. Ukibonyeza kwa bisibisi ikatoboka, ondoka.

Nafasi ya tatu: mbao asili

Moyo wangu ungeliweka hili la kwanza. Kabati la mvule la miaka 40 lina uzuri ambao hakuna duka jipya litakuuzia, na mvule mchwa hawaupendi. Tena Februari 2018, serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, mbao nzuri zilipanda bei mno, na watu wakaanza kuyathamini makabati ya wazee wao. Lakini ni zito. Likiwa tupu tu, watu wawili watatoka jasho kuliinua, na bado hujaweka hata msumari ndani. Ukilipata, lipe miguu lisimame sakafuni, au chagua lile dogo la sentimita 60.

Adui wa mbao asili ni bungua. Mdudu huyu hula kutoka ndani, na dalili anayoacha ni vitundu vidogo kama vya sindano na unga laini kama wa ngano.

Soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili moja, limejaa mpaka barabarani, nilikuwa nimeshaelewana bei na mama mmoja juu ya kabati dogo la mahogani. Nikatandaza mfuko mweusi wa nailoni chini, nikaligonga ubavuni kwa kiganja mara tatu. Ukaanguka unga mweupe, safi, mbichi.

"Mama, hili lilikaa wapi?"

"Kwa ofisi, baba. Sikuona hiyo." Akainama, akaugusa unga kwa kidole, akausugua kati ya vidole viwili. "Hilo acha. Sitaki urudi Jumapili ingine ukiniambia nilikuuzia unga."

Nilinunua lingine kwake, la blokbodi, na mpaka leo nikifika Kibuye naanzia kwake. Vitundu peke yake visikutishe, vinaweza kuwa vya zamani na mdudu alishaondoka. Unga mbichi ndio wa kuogopa, kwa sababu kabati moja lenye bungua linaweza kuambukiza mbao nyingine za nyumba yako.

Nafasi ya nne: MDF

MDF ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Ni laini kwa uso, inapakika rangi vizuri, na ni nzito: shiti moja ya futi 8 kwa 4 yenye unene wa milimita 18 hukaribia kilo 40. Skrubu ikiingia kwenye ukingo wake hupasua. Nunua tu ikiwa imepakwa rangi pande zote, hata mgongoni, na paa la gereji yako halivuji hata tone.

Nafasi ya mwisho: chipubodi

Yale yangu mawili ya kwanza yalikuwa haya. Chipubodi ni vipande vya mbao vilivyogandishwa, na maji yakiingia vipande huvimba na havirudi tena vilivyokuwa, hata ukilianika juani mwezi mzima. Huku kwetu hilo ni jambo la kulizingatia sana. Mwaka 2020 Ziwa Viktoria lilipanda na kuingia nyumba za watu upande wa Dunga na Nyalenda, Kisumu, na mwaka huohuo Ziwa Nakuru nalo lilikuwa limetanuka na kuwahamisha watu. Mafuriko ya 2024 yakaja tena. Makabati yaliyosimama kwenye maji hayakutupwa yote, mengine yalikaushwa, yakapanguswa, yakapelekwa sokoni. Simlaumu aliyepoteza nyumba akiuza alichobakiwa nacho, lakini wewe usikitundike juu ya kichwa cha mtoto. Pitisha kidole gumba kwenye ukingo wa chini wa mbavu. Ukisikia uvimbe, au utepe umeachia na ndani panavunjika kama biskuti, yalishakunywa maji.

Kama huna uwezo wa lingine, chipubodi kavu inaweza kubeba vitu vyepesi: matambara, balbu, mifuko ya mbegu. Liongezee ubao wa kutundikia na ubao mwingine chini unaolishika kwa tumbo.

Kabati la chini la jikoni, lenye kina cha sentimita 60, pamoja na kabati la nguo, usivitundike kabisa, hata vikiwa vya plaiwudi. Mzigo ukikaa mbali na ukuta huvuta skrubu za juu kwa nguvu maradufu.

Ukuta wako nao una sauti

Kabla ya kulipa, jua unachotundikia. Nyumba nyingi za Nakuru zimejengwa kwa mawe ya volkano yaliyokatwa kwa mashine. Ni mawe laini. Keekee ya umeme ikiwa kwenye mpigo wa nyundo hulipanua tundu, na plagi ya plastiki hukaa ikicheza. Zima mpigo, toboa polepole, toboa katikati ya jiwe na si kwenye kiungo cha saruji, na tumia skrubu ya inchi 3 au zaidi, maana plasta peke yake inakula zaidi ya nusu inchi bila kushika chochote. Kakamega na Bungoma, kwenye matofali ya kuchoma, kanuni ni hiyohiyo. Tofali likisagika mbele ya biti, pitisha bolti mpaka upande wa pili na uweke kipande cha bamba huko nje.

Lakini mahali bora kabisa pa kushika ni linta, ule mkanda wa zege uliozunguka nyumba juu ya milango na madirisha. Kwa kawaida huanzia kama mita 2.1 kutoka sakafuni. Funga ubao mmoja mrefu kwenye linta kwa bolti za kutanuka, kisha tundika makabati yako yote kwenye ubao huo. Gereji ya mabati haina linta: funga ubao huo kwenye nguzo, kamwe si kwenye bati.

Ubao huo mwambie fundi aupasue kwa urefu kwa pembe ya nyuzi 45, uwe vipande viwili. Kimoja kinafungwa ukutani, mkato ukitazama juu na kuelekea ukutani, kingine kinafungwa mgongoni mwa kabati, mkato ukitazama chini. Kabati unaliinua na kulikalisha, nalo linajing'ang'aniza lenyewe kadiri linavyolemewa. Mnaweza kulishusha siku ya kuhama bila kutoboa upya. Tena inabaki nafasi kama sentimita 2 kati ya kabati na ukuta, na ukimulika tochi humo kila mwezi utaona njia za mchwa kabla hawajafika. Pale juu ya swichi na soketi usitoboe, waya hupita humo.

Bei, usafiri na mzigo

Ulizia bei pamoja na kulifikisha. Kabati la bei ya chini lililoko mbali, tuseme Mamboleo ya Kisumu, linaweza kukugharimu zaidi ya la jirani ukishalipa pikapu. Tuktuk hubeba kabati moja la juu bila shida, mradi milango imeng'olewa na skrubu za bawaba zimetiwa kwenye mfuko na kufungwa ndani. Skrubu hizo zikipotea njiani utazitafuta wiki nzima.

Ndoo ya rangi ya lita 20 huzidi kilo 25, iache chini. Petroli na mtungi wa gesi visikae kabatini hata kidogo.

Likishakaa ukutani, usilijaze siku hiyo. Jaza maji mitungi minne ya lita 5, hizo ni kilo 20, uipange kwenye rafu ya chini, funga milango, na usiegeshe gari chini yake usiku huo. Asubuhi weka pimamaji juu ya kabati. Kiputo kikiwa palepale katikati, na milango ikafunguka bila kukwaruzana, anza kupanga vitu vyako, vizito vikiwa chini. Kikisogea, toa mitungi, lishushe, na utazame skrubu ipi imetembea.