Gadi, UPS au ekstensheni: ununue nini kulinda kompyuta Nairobi

Ukiuliza watu wanakinga kompyuta dhidi ya nini, wengi watakuambia radi. Mimi nimekaa Roysambu na baadaye Pipeline, na sijaona kompyuta hata moja ikipigwa na radi. Nimeziona zikiuawa na stima yenyewe. Inapotea, inarudi na nguvu, inapotea tena kabla hujakaa. Lililo baya zaidi ni waya wa nyutro, ule unaorudisha stima, kukatika au kulegea kwenye ploti yenye fezi tatu, yaani inayoletewa stima kwa nyaya tatu za moto: nyumba iliyozoea volti 240 inaweza kupokea mia tatu na kitu, na hali hiyo ikaendelea mpaka fundi afike. Kwa sababu hiyo orodha yangu haifanani na ile utakayopewa na muuzaji.

Ya kwanza ni gadi. Ni kile kiboksi kinachochomekwa ukutani, nawe unachomeka kifaa chako juu yake. Hupima volti muda wote. Zikipanda mno au kushuka mno kinakata, na stima ikirudi hakikuruhusu papo hapo, kinasubiri kwanza kuona kama imetulia. Ndiyo maana taa yake huchukua muda kabla haijageuka kijani. Chukua gadi ya TV, usichukue ya friji. Ya friji husubiri dakika kadhaa ili kompresa ipumzike, na utakuwa umekaa mbele ya skrini nyeusi bila sababu. Angalia pia ampea: gadi ya ampea 5 inabeba wati 1,200 hivi, zaidi ya mahitaji ya kompyuta na skrini yake. Kwa mwenye laptopu hii inatosha, maana gadi ikikata, betri inaendelea na kazi.

Ya pili ni UPS, kile kiboksi chenye betri kinachoendelea kulisha kompyuta stima ikipotea, na kama una kompyuta ya mezani ipandishe iwe ya kwanza. Usiinunue ukitarajia kumalizia filamu. Ya VA 650 inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima, na hizo VA si wati. Wati huwa pungufu, kwa hiyo tafuta zilipoandikwa. Ulizia yenye AVR, inayorekebisha volti zikishuka kidogo bila kula betri. Betri ndiyo udhaifu wake. Huchoka baada ya miaka michache, na iliyokaa dukani muda mrefu bila kuchajiwa inaweza kuwa imeanza kufa kabla hujailipia. Omba ichomekwe na kuwekewa mzigo, kisha ichomolewe ukutani ukiwa umesimama pale. Printa ya leza usiichomeke humo. Ikipasha moto inavuta stima nyingi kwa mkupuo.

Stebilaiza, kifaa cha kusawazisha volti tu, nairuka. Ukiwa na gadi au UPS yenye AVR, sioni kazi yake kwenye meza ya kompyuta.

Ya tatu ni ekstensheni yenye kinga, ile inayoandikwa idadi ya jouli, yaani kipimo cha nishati inayoweza kumeza. Ndani ina varista zinazomeza mruko mfupi wa volti. Kila zikimeza zinachakaa, na mwishowe unabaki na ekstensheni ya kawaida yenye taa nzuri. Mbele ya nyutro iliyokatika hazifui dafu. Na soma volti! Binamu yangu aliniletea moja kutoka Marekani, nzito, ya chuma, ya kuvutia. Nikaivisha adapta nikaichomeka. Ilitoa mlio kama chupa ya soda inayofunguliwa, kisha moshi. Nyuma ilikuwa imeandikwa 125V, na mimi nilikuwa nimesoma jouli tu.

Ya mwisho ni ekstensheni ya kawaida. Haikingi chochote, kazi yake ni kufikisha stima mezani. Lakini hata hiyo kuna ya kununua na ya kuacha. Siku moja Luthuli Avenue muuzaji alinisifia yake: "Bosi, hii ni orijino." Nikamwambia anifungulie plagi. Akacheka, akatafuta bisibisi, akafungua. Ndani kulikuwa na nyaya mbili. Pini ya athi, ile kubwa ya juu, ilikuwa imesimama peke yake bila kufungwa na chochote. Akairudisha kwenye rafu bila neno. Unataka nyaya tatu, wa kijani na manjano ukiwemo, fyuzi halisi, na kebo iliyoandikwa milimita za mraba 1.25 au 1.5 kama imeandikwa ampea 13.

Sasa mzigo, maana hakuna kati ya hivi vyote kinachoongeza uwezo wa waya uliomo ukutani. Ampea 13 kwa volti 240 ni wati 3,120, na hizo ni za ekstensheni nzima, si za kila tundu. Kompyuta ya kazi za ofisi na skrini yake mara nyingi haifiki wati 200, kwa hiyo si yenye kosa. Wenye kosa ni birika la wati 2,000, pasi na koili ya kuchemsha maji, vyote kwenye ekstensheni moja iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine kwa sababu bedsita ina soketi mbili tu. Shika plagi baada ya nusu saa. Ikiwa moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, au soketi imeanza kuwa nyeusi, acha kuitumia na uite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati. Akija fundi mwingine na kusema dawa ni kuweka breka kubwa zaidi, mlipe nauli aende. Breka ilikuwa inakata ili waya usiungue.

Mimi sasa nina gadi ukutani, ekstensheni moja juu yake, laptopu, skrini na ruta. Pasi ina soketi yake chumbani.