Simuleta ya drafti niliyoilipia kwa ajili ya Ashton Jeanty: nyota 3 kati ya 5

Jina la hii apu naliacha maana bado nina madai yangu kwao hayajaisha, ninachotaka hapa tuongelee kazi yake, na zile nyingine za aina hii nilizozigusa zina ugonjwa huu huu kwa hiyo hata kama unatumia nyingine utanielewa tu.

Ni simuleta ya drafti ya NFL, ile ligi ya futiboli ya Kimarekani; drafti ndio zamu ambazo timu zinachukua wachezaji wapya kutoka vyuoni, moja baada ya nyingine. Unashika timu unayoitaka au unaiacha ijiendeshe yenyewe, inaanza chaguo la 1 inashuka mpaka la mwisho, raundi 7, na kwa drafti ya 2025 hayo yalikuwa machaguo 257, yote inayamaliza kabla chai haijapoa. Nililipia mwezi wa tatu mwaka ule kwa sababu moja, nilitaka kuona Jeanty ataangukia wapi.

Kwa ambao hawakumfuatilia, Ashton Jeanty ni yule aliyekuwa raningibeki (mchezaji anayepewa mpira akimbie nao) wa chuo cha Boise State, kijana mfupi mnene aliyejazia miguu, akigongwa na beki wa kwanza haanguki, wa pili anamvaa naye anasogea naye yadi nyingine nne. Msimu wa 2024 alikimbia yadi 2,601 na tachidauni (mabao) 29 za miguu. Rekodi ya kukimbia yadi nyingi kwa msimu mmoja wa chuo ni ya Barry Sanders, yadi 2,628 mwaka 1988, kwa hiyo Jeanty aliikosa kwa yadi 27 tu, na mechi ya mwisho dhidi ya Penn State niliiangalia yote huku nahesabu yadi moja moja kwenye karatasi, alipata 104 wakati alihitaji 132 kumpita, roho iliniuma kweli. (Ni haki kusema Sanders alizipata zake kwa mechi 11 na Jeanty alicheza 14, lakini hata hivyo jamani.)

Sasa tuje kwenye apu. Uzuri wake kwanza, maana upo. Ina kasi, haigandi, orodha ya wachezaji ni ndefu mpaka wale wa raundi ya 6 na ya 7 ambao sehemu nyingine huwaoni kabisa. Unaweza kuuziana nafasi na timu nyingine na haikubali ovyo, ukiiletea dili la kitoto inakataa. Raundi za katikati inazisoma vizuri, kwa mfano Cam Skattebo wa Arizona State ilikuwa inampeleka raundi ya 4 mara kwa mara na kweli timu ya New York Giants walimchukua raundi ya 4, chaguo la 105. Hapo nawapa heshima yao.

Tatizo lake ni raundi ya kwanza, na tatizo hasa ni raningibeki.

Niliiendesha kila jioni kwa wiki kama tatu hivi, bila kugusa kitu. Mara nyingi Jeanty alikuwa anashuka mpaka Dallas chaguo la 12, mara nyingine Chicago la 10. Las Vegas, yaani Raiders, chaguo la 6 alikuwa anapita pale kama hawamjui, mara chache sana ndio walimchukua. Siku moja nikaamua niishike Raiders mwenyewe, chaguo la 6 likafika, Jeanty yupo, nikambonyeza. Ikanipa gredi C. Maelezo yake yalikuwa kwamba nafasi hiyo uwanjani haina thamani ya kuchukuliwa mapema hivyo na kwamba timu ina mahitaji makubwa zaidi kwingine. Nilikaa naangalia ile C ya rangi ya chungwa nikajiuliza hii kitu inajua nini kuhusu Raiders ambacho mimi sikijui.

Haikuwa inajua chochote, ndio hoja yangu. Raiders msimu wa 2024 walikuwa wa mwisho kwenye ligi nzima kwa kukimbia na mpira, hawafiki hata yadi 80 kwa mechi, Josh Jacobs alishaondoka kwenda Green Bay na pengo lake halikuzibwa. Mwezi Januari wakamleta Pete Carroll kuwa kocha. Huyu mzee ukitaka kujua anafikiria nini angalia alichofanya Seattle, alimtumia Marshawn Lynch mpaka akachukua ubingwa, halafu wakati wake pale walimchukua Rashaad Penny raundi ya kwanza 2018, Kenneth Walker raundi ya pili 2022, Zach Charbonnet raundi ya pili tena 2023. Mtu kama huyo ukimwekea raningibeki bora wa drafti ile mezani atampisha? Juu ya hapo walishamleta Geno Smith, kwotabeki (yule anayerusha mpira), kwa hiyo haja ya kutafuta mwingine chaguo la 6 ilikuwa imeisha. Hayo yote yalikuwa wazi mwezi wa tatu, kila mtu anayesoma habari anayajua, lakini simuleta ina kisanduku kimoja tu cha mahitaji ya timu, imeandikwa laini ya mbele, kona (beki wa pembeni), wide risiva (mdakaji wa pembeni), raningibeki iko ya tano huko chini, basi inafuata hiyo. Kocha ni nani haiulizi.

Na naelewa kwa nini imetengenezwa hivyo, sitaki niwaonee. 2022 hakuna raningibeki hata mmoja aliyechukuliwa raundi ya kwanza. 2024 vilevile, wa kwanza alikuwa Jonathon Brooks kwa Carolina chaguo la 46. Halafu kuna hesabu ya mshahara ambayo wengi hawaijui: mkataba wa mchezaji mpya unapangwa na namba ya chaguo, sio na nafasi anayocheza. Chaguo la 6 lile lilikuwa kama dola milioni 36 kwa miaka 4. Ukimlipa kwotabeki hiyo hela umepata kwa bei ya bure kabisa ukilinganisha na soko lao, ila ukimlipa raningibeki hapo hapo hajacheza hata mechi moja ameshaingia kwenye kundi la maraningibeki wanaolipwa vizuri ligi nzima. Kwa hiyo kusema thamani ni ndogo sio uongo. Shida ni kwamba apu inaisoma miaka iliyopita kama vile ndio sheria, wakati msimu wa 2024 wenyewe ulikuwa umebadilisha upepo, Saquon Barkley katoka Giants kaenda Philadelphia kakimbia yadi 2,005 na wakabeba Super Bowl, fainali ya ligi, Derrick Henry na uzee wake kapiga 1,921 Baltimore. Wenye timu wanaangalia hivyo vitu na wanaona wivu kama binadamu wengine.

Kingine kilichonikera ni ukurasa wa mchezaji. Kwa Jeanty walionyesha msimu wa mwisho peke yake, kwamba alidaka pasi mara 23, na pembeni wakaandika kwamba kudaka mpira ni eneo la wasiwasi. Wasiwasi gani? 2023 alidaka mara 43 yadi 569! Data hiyo ipo kila mahali, kuiweka ni mstari mmoja tu, na mtu mgeni akisoma pale anaondoka anaamini kijana hajui kudaka. Niliwaandikia hilo, kimya. Baadaye ikaja apdeti ikafuta drafti zangu zote nilizohifadhi, nikaandika tena kasitoma kea, siku ya tatu wakanijibu pole, na nikakuta nimekatwa hela ya mwezi uliofuata wakati nilishasitisha. Hiyo ndio bado tunavutana.

Ila kuna njia ya kuifanya ifanye kazi na hii ndio sababu sijaipa nyota 1. Ukiingia kwenye mipangilio kuna sehemu unaweza kuhariri mahitaji ya kila timu kwa mkono, imefichwa vibaya, lazima ubonyeze nembo ya timu na uishikilie. Nilichukua jioni nzima nikapita timu zote 32 nikipanga upya kwa kuangalia kocha na mikataba, Raiders nikapandisha raningibeki juu, nikaiendesha tena na Jeanty akawa anatua la 6 karibu kila mara. Usiku wa drafti pale Green Bay kamishna wa ligi Roger Goodell alipomsoma kwa Las Vegas nilipiga kelele nyumba nzima ikaamka.

Omarion Hampton wa North Carolina naye nilimwona kwa njia hiyo hiyo. Apu ilikuwa imefuta raningibeki kabisa kwenye orodha ya Chargers kwa sababu walimsajili Najee Harris mwezi wa tatu. Lakini Najee alisaini mwaka mmoja tu! Na kocha ni Jim Harbaugh, ambaye anapenda kukimbia na mpira kuliko kula. Nikairudisha kwa mkono, na Chargers wakamchukua Hampton chaguo la 22. Hapo ndipo nilipoona dawa yake ni ndogo tu, waweke safu moja inayoonyesha mkataba wa mchezaji aliyepo unaisha lini, kuna tofauti kubwa kati ya timu yenye mtu wa miaka mitatu na timu yenye mtu wa kukodi.

Kwa hiyo kama unataka kuilipia, lipia Aprili peke yake, usiguse malipo ya mwaka, na siku unayolipa ndio siku hiyo hiyo usitishe halafu upige picha ya skrini. Anza na kuhariri mahitaji kabla hujaendesha hata mara moja. Gredi zao zifunge, kitufe kipo chini kulia. Na kama unayemfuatilia ni raningibeki, soma kwanza nani kaajiriwa ukocha Januari.