Kuwasaidia watu wa Haiti: vitu au fedha?

Tetemeko la Januari 12, 2010 lilipoiangusha Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, watu wa mbali waliingiwa na huruma, na wengi wakakimbilia kabatini. Kutuma vitu kuna utamu wake: unalikunja blanketi huku ukimwaza atakayejifunika. Fedha hazina utamu huo. Zinaondoka kimyakimya, na shaka inabaki: zitamfikia nani?

Lakini shehena ina safari. Bandari ya mji ilikuwa imebomoka, na uwanja wa ndege ulikuwa na njia moja tu ya kurukia. Robota la nguo ambalo hakuna aliyeliomba hugombea nafasi na dawa na mahema, kisha lamtaka mtu wa kulichambua.

Chakula ndicho kinachonitia mashaka zaidi. Mwaka 1995 Haiti ilishusha ushuru wa mchele hadi asilimia 3. Mchele wa Marekani, wenye ruzuku, ukafurika na wakulima wa mpunga wa bonde la Artibonite huko Haiti wakaumia. Bill Clinton mwenyewe, aliyeiunga mkono akiwa rais wa Marekani, aliomba radhi kwa sera hiyo Machi 2010. Mchele wa bure ukiendelea kumwagwa miezi na miezi, unamuumiza mkulima yuleyule. Aliyepewa fedha anaweza kununua kwake, na ndiye ajuaye kama leo anahitaji bati au karo.

Soko likiwa limefungwa, fedha hazinyweki: siku za kwanza ni maji, dawa na maturubai. Baada ya hapo ningetuma fedha, kwa chama cha wenyeji kinachotangaza hesabu zake, na nguo ningempa jirani wa karibu.